"Mzungu wetu katuma nini?"

Jumapili iliyopita, mnada wa baada ya ibada haujaisha, nimekumbatia mkungu wa ndizi niliobambikizwa kwa bei ya kukomoana, mzee mmoja wa kanisa akanivuta pembeni ya mlango. "Mwalimu, mzungu wetu katuma nini safari hii?"

Mzee huyu namheshimu. Amehudhuria semina yangu ya uhusiano mara tatu na vyeti vyote anavyo. Nikamjibu, "Katuma salamu, mzee wangu." Akacheka kwa adabu, akaenda zake akiamini nimemficha.

Miaka 14 sasa naratibu uhusiano wa sharika zetu za Unguja na makanisa ya nje, hasa ya Ujerumani, na swali hilo nimelizoea kama mlio wa feri. Kilichonitia kalamu mkononi ni Jumatatu yake. Mwenye duka mkabala na kanisa, Mwislamu wa swala tano, aliniuliza lile lile, ila yeye kwa kunipongeza: "Nyinyi hamna shida, mnaletewa." Nikaona kumbe Wakristo na Waislamu wa mtaa wetu wana jambo moja la dini wanalokubaliana bila ya mdahalo: kanisa ni tawi, mwenye mali yuko Ulaya, na ushirikiano ni jina la adabu la ufadhili.

Tusiwacheke. Imani hii ina kwao. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Waanglikana wa Uingereza, walihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer. Soko la watumwa lilipofungwa 1873, kanisa kuu likajengwa pale pale Mkunazini, na watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa wakapewa makazi Mbweni, kwenye shamba la misheni. Pemba nako watu wa dhehebu la Marafiki la Uingereza, wale wanaoitwa Wakweka, walifika 1897, mwaka ule ule sheria ilipoacha kuutambua utumwa, wakaanzisha shamba la mikarafuu Banani ili walioachwa huru wapate kazi. Kwa hivyo Mkristo wa mwanzo wa visiwa hivi alimkuta mmisionari akiwa mchungaji wake, mwenye shamba na mwajiri kwa pamoja. Mjukuu wa mtu huyo akiuliza "katuma nini", hajakosea sana historia.

Ajabu ni kwamba wengi wetu wala si wajukuu wa Mbweni. Tumeshuka bandarini kutoka Bara, huyu kwa uhamisho, yule kutafuta kazi ya hoteli, na hiyo imani tukaikuta inatungoja.

(Kwa wale watakaoniandikia kwamba UMCA ni Waanglikana, si kanisa letu: najua, tafadhali. Mwaka 1913 askofu wao Frank Weston, akiwa hapa hapa Zanzibar, aliwashitaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, kwa sababu kule Kikuyu, Kenya, walikaa na Wapresbiteri na Wamethodisti kupanga shirikisho, wakashiriki nao na meza ya Bwana. Kisiwa chetu kilianza kugombana na ushirikiano wa makanisa kabla mimi sijazaliwa.)

Nadharia nitaipitia mbio. Tangu mkutano wa kimataifa wa misheni wa Whitby, Kanada, mwaka 1947, makanisa yamekuwa yakijiita washirika katika utii, wala si mama na mtoto. Maneno mazuri, yapo kwenye utangulizi wa kila hati ya makubaliano niliyowahi kuisaini. Makaratasi nayo mbio: usajili wa Bara hautoshi huku, nendeni kwa Mrajis, msajili wa Zanzibar. Mgeni alipe bima ya lazima, dola 44. Anayeingia kwa viza ya utalii hafundishi skuli, hata kama anajitolea na anampenda Yesu. Mengine ulizeni Uhamiaji, msiniulize mimi saa 5 usiku.

Sasa tuzungumze kuhusu safu ya hesabu.

Julai 2021 mafuriko yaliharibu bonde la Ahr, Ujerumani. Baadhi ya jamaa za washirika wetu walipoteza nyumba. Wakati wa matangazo mama mmoja anayeuza vitumbua Mwanakwerekwe alisimama bila ya kuitwa, akasema, "Hawa tunazikana nao au hatuzikani?" Basi. Tukachanga shilingi 640,000, kama yuro 230 na ushee, benki ikala makato yake, zikaenda. Wiki tatu kimya. Halafu mweka hazina wao akaniandikia kwa heshima kubwa, akitaka kujua hizi fedha ni za nini, maana kwenye vitabu vyao usharika wetu una safu moja tu, nayo ni ya matumizi. Mapato kutoka kwetu hayana pa kuandikwa. Akashauri, kwa nia njema kabisa, aturudishie zisaidie mradi wetu.

Nilicheka, nikamsomea mke wangu, tukacheka wote. Usiku sikulala. Miaka yote ile ya kutembeleana, kuimba pamoja na kuombeana kila mwezi, na hakuna hata mmoja, huku wala kule, aliyewahi kufikiri kwamba mstari ungehitajika. Sisi wenyewe hatukuwa na fungu la "matoleo kwa washirika" katika bajeti yetu. Niliwalaumu wao wiki nzima kabla sijafungua daftari letu.

Safu wakaifungua. Mwaka jana ilisomeka sifuri. Ndiyo maana yule mzee wa mnada ananichokoza penye kidonda.

Kuna na hela yenye jina. Hela iliyotumwa kwa kisima haiwezi kununua mafuta ya pikipiki ya mwinjilisti, hata kisima kikiwa kimejaa maji na mwinjilisti anakwenda kwa miguu hadi Makunduchi. Tuna ghala lina cherehani 6 ambazo hatukuomba. Nimemaliza hapo, nisije nikaandika ya kujutia.

Tena wageni hupenda kuja Agosti, likizo zao. Agosti vijana wetu wako Nungwi na Paje wanatandika vitanda, kwa sababu ndio msimu wa watalii. Kila mwaka mgeni mmoja husimama kanisani, akatazama benchi, akaniuliza kwa huruma vijana wa kanisa hili wamepotelea wapi. Humjibu kwamba wako hotelini kwa wenzake. Na uhusiano ukishika moto, mwenyekiti wa kamati, mwalimu au askari, anapata uhamisho wa Mbeya. Anaondoka na anwani zote zimo ndani ya simu yake. Uhusiano wa miaka 8 umekatika namna hiyo, hakuna aliyegombana na mtu.

Lakini hayo yote ni madogo. Linalonichoma ni barua ya habari.

Wageni wakirudi kwao huandika kijarida cha usharika: picha, ushuhuda, ombi la sadaka. Wanadhani kinasomwa na vikongwe 200 wa mji wao. Zamani ilikuwa hivyo. Siku hizi kinawekwa kwenye intaneti, simu inatafsiri, na kabla ya Ijumaa kimefika kundi la WhatsApp la shehia. Kundi moja, silitaji, liliandika kwamba limekwenda "visiwa vya watu wasiofikiwa", yaani na Injili, na picha waliyoiweka ilikuwa ya baraza ya jirani yetu, yeye mwenyewe kakaa na kofia yake, anakunywa kahawa.

Mzee huyo jirani ndiye anayetuazima viti vya plastiki kila tukifiwa. Alinijia na simu mkononi, hana hasira, jambo lililonitisha zaidi. "Mwalimu, hebu nisomee hapa. Wageni wako wanasema miye sijafikiwa. Sijafikiwa na nani? Mbona nipo hapa hapa tangu kabla ya Mapinduzi?"

Sheha, kiongozi wa serikali wa shehia yetu, akaniita siku ya pili. Nilikuwa nimempelekea majina ya wageni mapema, kama inavyotakiwa, na hilo likaniokoa. Akaniuliza swali moja: mlisema wamekuja kutembelea skuli ya chekechea, mbona huku wameandika wamekuja kutufikia sisi? Sikuwa na jibu. Ninalo sasa, nimelichelewesha: kwao neno lile ni istilahi ya kazi, wanalichapa bila ya kulisikia. Kwa anayelisoma akiwa barazani kwake ni tusi.

Hapo ndipo nilipoacha kufundisha kwamba ushirikiano ni wa makanisa mawili. Huku kwetu, ambako Wakristo ni wachache mno kati ya watu 1,889,773 wa sensa ya 2022, jirani yumo tangu barua ya kwanza, haulizwi na hasaini. Hela ikiingia kimya, anasema tunanunuliwa. Picha ikitoka bila ya ruhusa, anasema tunamuuza. Na akinyamaza, hiyo ni hisani yake, na sisi tunaishi juu yake.

Nikaweka kifungu katika makubaliano yetu: lolote litakaloandikwa kuhusu sisi lisomwe huku kwanza, na picha ya asiye wetu isitoke bila ya yeye kukubali. Washirika wetu walikaa nacho miezi 7. Mmoja wao aliniambia waziwazi kuwa hiyo ni kukagua habari. Inawezekana ni kweli. Sisi nasi tuna tabia ya kuwafichia ugomvi wetu hadi upasuke, na kifungu hicho kinatupa kufuli jingine la kufungia. Tulikisaini, sijui kama nilikiandika kwa heshima ya jirani au kwa woga wangu.

Wainjilisti wetu vijana wanasema ni woga. Wanasema nimemfanya sheha kuwa askofu. Huwajibu kwa maandiko na kwa sauti, wananyamaza. Nikifika nyumbani jibu langu silioni zito kama lilivyokuwa mkutanoni.

Na fedha je? Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, Kenya, alisimama Milwaukee mbele ya Wamarekani akawaomba wamisionari na fedha zao wasimame kwa muda, tujifunze kutembea. Mwaka 1974 makanisa ya Afrika yalipokutana Lusaka yakaichukua hoja ile. Ujanani niliinukuu katika kila semina, ngumi juu. Siku hizi naisema polepole. Chekechea yetu tuliijenga kwa mnada na sadaka hadi usawa wa madirisha, ikasimama misimu miwili ya mvua, watoto wakihamishiwa kwenye kivuli cha mwembe. Bati lilitoka nje, na barua ya kuliomba niliandika mimi. Yule mzee wa mnada analijua hilo. Akiuliza mzungu katuma nini, jicho lake huwa juu, kwenye bati.

Wageni wengine wanafika Agosti, wanane. Safari hii watapanda feri hadi Mkoani wakawaone wenzetu wa Pemba. Kijarida chao kitanijia Septemba, ikiwa watakumbuka. Majina nimeshampelekea sheha. Yule mzee wa viti naye kayasikia, jana kanisimamisha njiani kuniuliza kama hawa wanakula pweza, maana wale wa mwaka juzi walimuachia sahani nzima.