Kwa nini gari la kispoti la zamani huchemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia?

Mtu angetarajia injini ipate joto kali zaidi inapokimbizwa, lakini wenye magari ya kispoti ya zamani hushuhudia kinyume chake: mshale wa joto hutulia kwenye barabara kuu, kisha huanza kupanda gari linapokwama katika foleni. Sababu ni hewa. Gari likiwa mwendoni, upepo hupita wenyewe katika rejeta. Likisimama, kazi yote huachiwa feni. Katika gari kama MGB, gari la kispoti la Kiingereza lililotoka mwaka 1962, feni ilifungwa kwenye puli ya pampu ya maji na kuzungushwa na mkanda wa injini, hivyo injini inapounguruma taratibu feni nayo huzunguka taratibu, wakati uleule inapohitajika zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua rejeta kubwa, ni vyema kuchunguza gari linachemsha wakati gani. Likichemsha kwa mwendo wa kasi, tatizo huwa zaidi upande wa maji: mirija ya rejeta imeziba, kutu imejaa ndani ya bloku ya injini, au mpira wa chini wa maji umelegea na hunywea pampu inapovuta kwa nguvu. Likichemsha limesimama, tuanze na hewa, na hapa ndipo naona wengi hukosea. Feni isiyo na kava la kuiunganisha na rejeta huvuta hewa kutoka pembeni, na sehemu kubwa ya rejeta hubaki bila kupitiwa na upepo. Kava linalofunika rejeta yote, pamoja na sponji au mpira wa kuziba mianya ya kando ili hewa moto ya chini ya boneti isirudi mbele, huweza kuleta nafuu kubwa kwa gharama ndogo. Baada ya hapo feni ya umeme ina maana, nayo ikifungwa nyuma ya rejeta ivute hewa ni bora kuliko ikiwekwa mbele, ambako huuzuia upepo gari likikimbia.

Kifuniko cha rejeta chenye shinikizo kubwa zaidi huongeza kiwango cha joto ambacho maji huchemkia, takriban nyuzi 1.5 za Selsiasi kwa kila psi moja (kipimo cha shinikizo), lakini hakiondoi joto lolote. Tena hulemea mipira na maungio yaliyochakaa. Kuzidisha dawa ya rejeta (kulanti) nako hakusaidii, kwa sababu maji matupu hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wa maji na dawa, ingawa dawa inahitajika kuzuia kutu.

Wapo pia wanaong'oa themostati, yaani vali inayofunguka maji yakipata moto ili yapite katika rejeta, wakidhani injini itapoa zaidi. Katika baadhi ya injini, themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji inapofunguka, hivyo ikiondolewa sehemu ya maji moto hurudi kwenye injini bila kupita katika rejeta kabisa.