Si kila donge ni la kuvutwa

Wiki iliyopita shemeji wa mgonjwa alinipigia saa nne usiku. "Dokta, ukoo umeshachanga. Tunampeleka India wakalivute hilo donge la damu kichwani. Hapa mnamchoma sindano za tumboni tu."

Tu! Hiyo "tu" nimeisikia mara nyingi mno, na mara nyingine kutoka kwa madaktari wenzangu. Leo imenifika hapa.

Mgonjwa ana wiki mbili tangu ajifungue. Kichwa kilimuuma siku nne, akaambiwa ni uchovu wa kunyonyesha. Siku ya tano akaanguka, akatetemeka upande mzima wa kulia. Donge limejaza sinasi ya juu yote, ile vena kubwa inayotoa damu kwenye ubongo, na kushukia upande mmoja hadi karibu na shingo.

Najua picha iliyo kichwani mwa shemeji: ile video ya kiharusi ambapo donge linatolewa na mtu aliyepooza anainua mkono akiwa bado mezani. Ni kweli, na tangu majaribio ya 2015 hakuna anayebisha. Lakini ile ni ateri, mshipa unaoingiza damu kwenye ubongo. Kule maji yamekatika bombani, na kila dakika shamba linakauka. Huku kwenye vena, mshipa unaoitoa, maji yanaingia vizuri, chemba ndiyo imeziba. Presha inapanda nyuma ya donge, ubongo unavimba, vena ndogo zinapasuka.

Na hapa ndipo wenzangu wanaponichosha. Picha ya CT inarudi na damu kwenye ubongo, mtu anasimamisha heparini, ndizo zile sindano za tumboni: "Anavuja damu, utampaje dawa ya kuyeyusha damu?" Kwanza, heparini haiyeyushi kitu, inazuia donge lisikue, mwili ndio unaolila taratibu. Pili, damu ile imetoka kwa sababu njia imeziba. Ukiondoa heparini umeiacha chemba ilivyo, ukasubiri ifurike tena. Einhäupl na wenzake walionyesha hivyo Ujerumani mwaka 1991, kwa wagonjwa 20 tu, na miongoni mwa waliopewa heparini walikuwemo waliokwisha kuvuja damu. Ushahidi mdogo, nakubali. Ila wa upande wa pili uko wapi?

Sasa katheta, ule mrija mwembamba wa kuvutia donge. Jaribio la TO-ACT, lililochapishwa 2020, liliwapima wagonjwa 67 wa hali mbaya: nusu heparini peke yake, nusu heparini pamoja na kuvutwa donge. Baada ya mwaka, waliopona vizuri walikuwa asilimia 67 kwa waliovutwa, 68 kwa wasiovutwa. Likasimamishwa kabla ya muda wake, maana halikuwa na dalili ya kufika popote.

Mimi sishangai. Unapanda kutoka kinenani hadi kichwani, unafyonza, yanatoka mapande meusi kama ini la kuku, unafurahi. Unapiga picha: njia imefunguka nusu. Sinasi ni pana, ya pembe tatu, ina nyuzi ndani. Vifaa vingi tulivyozoea vilibuniwa kwa ateri. Na vile vivena vya juu ya ubongo, ambako madhara yenyewe yapo, katheta haifiki.

Hata hivyo bado navuta. Wachache: anayezidi kuzama siku ya pili, ya tatu, heparini ikiwa imekaa sawa. Wengine huamka. Ni mimi niliyewaamsha, au ni heparini iliyofika zamu yake? Sijui, na nikiwa peke yangu nakiri kwamba navuta kwa sababu siwezi kukaa nikitazama. Ubongo ukishaanza kusukumwa upande, hata mimi naweka katheta chini. Huyo ni wa kufunguliwa fuvu.

Shemeji nilimwambia michango asiirudishe. Kwa miezi kadhaa mgonjwa atatumia vidonge vya kuzuia damu isigande, na kwake ni warfarini, maana ananyonyesha. Atapimwa INR, yaani damu inachukua muda gani kuganda, mara kwa mara, atakwenda kliniki ya macho, atahitaji mtu wa kumshikia mtoto. Na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni asiviguse tena.

"Kwa hiyo India hatuendi?" akauliza.

Jana mgonjwa alikula uji mwenyewe.