Andalio la somo si mali ya mthibiti ubora

Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika Januari 2024, kila sisi wathibiti ubora wa shule (zamani tukiitwa wakaguzi) tukimaliza tathmini ya jumla ya shule tunasindikizwa na lalamiko lilelile: wathibiti ubora wanakuja kukagua makaratasi. Mwalimu anaandika azimio la kazi (mpango wa ufundishaji wa muda mrefu), andalio la somo (mpango wa kipindi kimoja), nukuu za somo na shajara (kumbukumbu ya yaliyofundishwa), kisha anatakiwa aingie PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, kujaza majukumu yake. Sehemu ya lalamiko hilo ni ya haki. Mwenye vipindi vingi na darasa la watoto mia na zaidi anachoka, nasi tunaliona hilo. Ila kwa andalio la somo, lalamiko limegonga mlango usio wake.

Chukua jaribio la Baiolojia la kuonyesha kwamba jani linahitaji mwanga ili litengeneze wanga. Mche unatakiwa ukae gizani siku mbili kabla, ili wanga uliokwisha kuhifadhiwa kwenye majani uishe. Usipofanya hivyo, hata sehemu ya jani uliyoiziba itageuka bluu-nyeusi ikidondoshewa ayodini, na wanafunzi watatoka wakiamini kinyume cha ulichokusudia. Jani linachemshwa kwenye maji, kisha linaondolewa rangi ya kijani kwa spiriti iliyowekwa ndani ya maji ya moto. Spiriti haiwekwi juu ya moto wenyewe kwa sababu inawaka. Kipindi kimoja cha dakika 40 ni shida kutosha kwa yote hayo. Mwalimu anayeanza kulifikiria somo hili kengele ikiwa imeshagongwa hana mche, hana spiriti, na hana kipindi pacha (vipindi viwili mfululizo). Atachora ubaoni, wanafunzi watanakili mchoro, na shajara litajazwa kwamba mada imefundishwa.

Somo lisilohitaji vifaa nalo lina mitego yake. Ukiwapa watoto 1/2 + 1/3, wengi watajibu 2/5, maana wamejumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini). Mwalimu aliyekaa na somo hilo jana yake anajua jibu hilo linakuja, na ameshaandika swali la kuuliza: je, 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko 1/2 tuliyoanza nayo? Mtoto akigundua kwamba ameongeza kitu na kikapungua, hapo ndipo somo linapoanza. Asiyejiandaa atasema "umekosa, mwingine", na somo litaendelea.

"Mimi ni mkongwe, somo liko kichwani." Tunaambiwa hivi mara nyingi kiasi cha kuchosha. Kilichomo kichwani ni mada. Darasa la mwaka huu halimo. Piga hesabu ndogo: wanafunzi 120, kila mmoja sekunde 20 za kujibu swali moja tu, dakika 40 zimekwisha na hujafundisha lolote. Kwa hiyo lazima uamue mapema nani atafanya nini, makundi mangapi, na utajuaje kwamba walio nyuma kabisa wamefuata. Uamuzi huo haufanyiki ukiwa umeshika chaki.

Sehemu tunayoisoma kwa makini kuliko zote, na ambayo walimu wengi huijaza mwisho kwa haraka, ni tathmini na maoni. "Wanafunzi wengi wameelewa." Sentensi hiyo tumeikuta imejirudia wiki nzima, masomo yote, kwa wino mmoja. Haimsaidii mtu. Andika kwamba karibu nusu ya darasa bado wanajumlisha asili na asili, na kwamba kesho utaanza na karatasi iliyokunjwa vipande kabla ya kwenda mbele. Mistari miwili inatosha.

Kuhusu maandalio yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kuuzwa steshenari, hakuna ubaya kusoma ya mwenzako ukapata wazo. Lakini ukituletea andalio lenye wanafunzi 45 wakati darasa lina 98, na jina la shule ya mkoa mwingine limebaki juu ya ukurasa, usitushangae tukiuliza. Azimio la zamani la kidato cha kwanza nalo halifai kurudiwa: muhtasari mpya wa somo unakwenda kwa umahiri mkuu, umahiri mahususi na shughuli za kujifunza, na azimio lenye safu ya "mada kuu" na "mada ndogo" linajitangaza lenyewe.

Sasa utaratibu, kwa kuwa uvumi ni mwingi. Tukifika shuleni tunaanza kwa mkuu wa shule au mwalimu mkuu. Tunaangalia muhtasari, azimio na andalio, tunaingia darasani na kukaa nyuma, kisha tunafungua madaftari ya wanafunzi kuona kama vitu hivyo vinasimulia habari moja. Baada ya kipindi mwalimu anapewa mrejesho, naye ana nafasi ya kujieleza. Shule nayo hupewa taarifa yenye mapendekezo ya kufanyia kazi.

Mthibiti ubora hamfukuzi mwalimu kazi. Mamlaka ya nidhamu yako kwenye Sheria ya Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC), Na. 25 ya 2015. Kwa makosa mepesi mamlaka ni mkuu wa shule, na adhabu zake ni nyepesi, kama onyo na karipio. Makosa mazito huenda Kamati ya TSC ya Wilaya, ambako adhabu hufika kushushwa cheo na hata kufukuzwa kazi. Mwalimu hupewa mashtaka kwa maandishi na nafasi ya kujitetea. Asiporidhika na uamuzi wa Kamati, hukata rufaa TSC Makao Makuu. Kukosa andalio siku moja kwa sababu ulikuwa zahanati hakuwezi kulinganishwa na kutoandaa muhula mzima, na hatutegemei mkuu wa shule ayachanganye hayo mawili.

Kwa wazazi: daftari lililojaa si ushahidi kwamba mtoto amefundishwa, na daftari tupu la leo si ushahidi kwamba mwalimu hakuingia. Mwenye wasiwasi aanzie kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule. Kuingia darasani kudai kuonyeshwa andalio sio utaratibu.

Swali tunaloulizwa kila semina linahusu mikondo: mwenye mikondo minne ya kidato kimoja aandike maandalio manne? Zingatia kwanza utaratibu uliowekwa na shule yako. Kwa upande wetu, hatuoni faida ya mtu kunakili hatua zilezile mara nne. Andalio moja linaweza kubeba mikondo yote, mradi idadi ya waliohudhuria iandikwe kwa kila mkondo na tathmini iachiwe nafasi nne, maana mkondo wa A uliofundishwa asubuhi na wa D uliofundishwa baada ya chakula cha mchana haijawahi kuelewa sawasawa.