Nunavut si serikali ya Wainuit

Nimeulizwa tena, safari hii na mwanafunzi wa uzamivu anayesoma Ulaya: "Dada, leseni yangu ya utafiti imetoka Iqaluit. Nunavut si ndiyo serikali ya Wainuit? Basi wenyewe wameshakubali." Nunavut ni eneo la Kaskazini mwa Kanada, mji wake mkuu ni Iqaluit, na Wainuit ndio watu wake wa asili. Kazi yangu ni kuwasaidia watafiti kupata vibali vya Kaskazini hiyo, na dhana hii imenichosha, maana wanaoumia nayo ni wanavijiji.

Nunavut ni serikali ya wakazi wote. Tangu eneo lizaliwe tarehe 1 Aprili 1999, raia wa Kanada aliyeishi humo muda unaotakiwa anapiga kura na kugombea, awe Mwinuit au mhasibu aliyehamia kutoka Toronto. Wainuit ni takriban asilimia 85 ya wakazi, ndiyo maana wamejaa bungeni (bunge lisilo na vyama, wabunge humchagua waziri mkuu miongoni mwao). Lakini huo ni wingi wa kura tu. Wakazi wakibadilika, bunge nalo litabadilika.

Haki za Wainuit kama watu wa asili wa nchi ile ziko kwingine: kwenye Mkataba wa Nunavut wa 1993, makubaliano ya ardhi kati ya Wainuit na serikali ya Kanada, unaolindwa na kifungu cha 35 cha katiba ya Kanada. Anayezisimamia kwa niaba yao ni shirika la Nunavut Tunngavik, wala si waziri yeyote wa Iqaluit. Anayebisha anieleze hili: mwaka 2021 Nunavut Tunngavik iliishtaki serikali ya Nunavut mahakamani, ikidai imeshindwa kuwapa watoto wa Kiinuit elimu kwa lugha yao ya Inuktut. Kama ni kitu kimoja, nani alimshtaki nani?

Leseni ya yule mwanafunzi hutolewa na Nunavut Research Institute chini ya sheria iliyorithiwa kutoka Northwest Territories, eneo ambalo Nunavut ilimegwa kwake. Taasisi huomba maoni ya vijiji husika, na hilo ni jema, ila kinachotoka mwishoni ni kibali cha serikali. Ukikanyaga ardhi inayomilikiwa na Wainuit, kama kilomita za mraba 350,000 kati ya takriban milioni mbili, unahitaji ruhusa ya chama chao cha mkoa: Qikiqtani, Kivalliq au Kitikmeot. Utafiti wa wanyamapori una kibali chake, wa mambo ya kale una chake. Na vijijini kuna jumuiya za wawindaji, zilizowekwa na Mkataba wenyewe. Utafiti wa wanyama usiopitia kwao mimi siushughulikii. Mtanzania angepaswa kulielewa hili upesi kuliko Mzungu: kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, hakijawahi kumaanisha kwamba kijiji kimekukubali.

Kinachonikera zaidi ni kudhani kwamba kuwashirikisha Wainuit ni hisani ya mtafiti. Mkataba uliagiza kwa maandishi ufanyike utafiti wa maarifa ya Wainuit kuhusu nyangumi aina ya bowhead, ukatenga na fedha zake. Utafiti huo ulikamilika mwaka 2000, na wazee na wawindaji walieleza kwamba nyangumi hao walikuwa wameongezeka. Swali la utafiti huo liliwekwa na Wainuit mezani kwenye mazungumzo ya ardhi, kabla mtafiti yeyote hajafika na dodoso lake. Mwaka 2018 shirika lao la kitaifa, Inuit Tapiriit Kanatami, lilitoa mkakati wa utafiti unaodai hilohilo kwa upana: Wainuit wawe na mamlaka juu ya fedha, maadili na data za tafiti zinazowahusu.

Nina shaka moja isiyonitoka. Ili kupata Mkataba, Wainuit walikubali kuachia haki yao ya asili ya kumiliki ardhi na maji, wakabaki na haki zilizoandikwa. Walipiga kura mwaka 1992, wakaridhia. Nunatsiavut, huko Labrador, mashariki mwa Kanada, serikali iliyoanza 2005 ni ya Wainuit wenyewe, na kamati yake ndiyo hupitia maombi ya watafiti. Pale mamlaka na ridhaa vimekaribiana zaidi. Lakini Nunatsiavut ni ndogo, na Nunavut inaendesha shule, hospitali na mahakama za eneo zima. Nikiulizwa njia ipi inawapa watu nguvu zaidi ya kumwambia mtafiti "hapana", moyo wangu uko Labrador. Akili yangu bado inabishana nao.