Upasuaji wa Ligamenti ya Goti: Maumivu si Kipimo cha Kupona

Malalamiko yanayofika kitengo chetu cha mifupa na viungo kutoka kwa waliofanyiwa upasuaji wa ligamenti ya mbele ya goti (ukanda mgumu unaounganisha mifupa ya goti), ile inayojulikana viwanjani kama ACL, yameongezeka, na mengi yanafanana. Kundi la kwanza hupiga simu alfajiri ya siku ya pili kudai kwamba upasuaji umeharibika kwa kuwa goti linawaka moto. Kundi la pili hatulisikii kwa miezi, kisha linaletwa likichechemea: mgonjwa aliona haumwi, akarudi kucheza mwezi wa nne, goti likaachia tena. Wote wamepima kupona kwa maumivu, na kipimo hicho kinadanganya pande zote mbili.

Tuanze na usiku wa kwanza. Sindano ya ganzi inayochomwa pajani kwa kawaida hudumu kati ya saa 12 na 24. Ikiisha, maumivu hayaji polepole, yanakuja kwa kishindo, na mara nyingi ni usiku wa manane. Hiyo si dalili ya kuharibika kwa chochote. Ndiyo maana muuguzi anayekuruhusu hukwambia umeze vidonge wakati mguu bado una ganzi, na wagonjwa wengi huitikia "sawa" halafu wakasubiri waumwe kwanza. Siku chache za mwanzo dawa humezwa kwa saa, kama ilivyoandikwa. Ukisubiri maumivu yapande, utahangaika saa nyingi kuyashusha.

Paracetamol kwa mtu mzima isizidi gramu 4 ndani ya saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, navyo vigawanywe. Mwenye ugonjwa wa ini, mwenye uzito mdogo au mnywaji wa pombe hupangiwa kiwango cha chini zaidi. Soma pia paketi ya dawa ya mafua kabla ya kuinywa, kwani nyingi zina paracetamol hiyohiyo ndani yake. Ibuprofen na ndugu zake hufanya kazi kwa njia tofauti, hivyo daktari akikuandikia zote mbili hajakosea hesabu. Lakini mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, pumu, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda atuambie kabla, asitushtukize baadaye.

Dawa kali za jamii ya afyuni, kama tramadol na kodeini, huandikwa kwa siku chache tu. Huleta usingizi, kichefuchefu na choo kigumu, hivyo kunywa maji ya kutosha na uombe dawa ya kulainisha choo mapema. Usizichanganye na pombe wala dawa za usingizi, maana mchanganyiko huo unaweza kuzuia pumzi. Usiendeshe gari ukiwa umezimeza. Kwa upande wa utaratibu, kitengo hakiandiki dozi ya pili kwa simu. Mgonjwa aje mwenyewe, akaguliwe goti, kisha daktari aamue. Vidonge vilivyodaiwa kupotea havifidiwi. Vilivyobaki virudishwe duka la dawa au hospitalini, visitunzwe kabatini. Kumpa jirani mwenye maumivu ya mgongo si wema. Katika nchi nyingi ni kosa la jinai, hata kama hukumtoza chochote.

Kuna pia wanaojikaza. Hawamezi kitu wakiogopa kuzoea dawa, matokeo yake hawanyooshi goti kabisa. Lengo la dawa si kukufanya usihisi chochote. Lengo ni uweze kunyoosha mguu, kukaza msuli wa mbele ya paja na kutembea kwa magongo. Goti lililovimba huuzima msuli huo, na msuli usipoamka mapema, utachechemea kwa muda mrefu.

Na tafadhali, ondoeni mto chini ya goti. Tunalisema kila wiki. Mto hapo unaleta raha, lakini unalizoesha goti kukaa limekunjika, na goti lisilonyooka ni taabu kubwa kuliko lile lisilokunjika vizuri. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti lining'inie huru. Barafu iwekwe juu ya kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, kisha iondolewe. Ngozi yenye ganzi haitakuonya ikiungua kwa baridi.

Sehemu ya ngozi upande wa nje wa ugoko inaweza kubaki na ganzi kwa miezi, pengine moja kwa moja. Haina madhara kwa mwendo.

Yasiyosubiri siku ya kliniki ni haya: shavu la mguu linalovimba na kuuma, homa ya nyuzi 38 na zaidi, usaha au wekundu unaosambaa kwenye kidonda. Ukiishiwa pumzi ghafla au kifua kikakubana, nenda idara ya dharura moja kwa moja, usitupigie sisi kwanza. Shavu la mguu lililovimba lisichuliwe na mtu yeyote, hata awe bingwa wa kuchua.

Sasa wale wa mwezi wa nne. Kano iliyopandikizwa wakati wa upasuaji badala ya ligamenti iliyokatika hudhoofika kwanza kabla ya kukomaa, na udhaifu huo huwa mkubwa takriban kati ya wiki ya 6 na ya 12, wakati ambao maumivu yameshapungua na magongo yamewekwa kando. Utafiti uliochapishwa 2016, uliofuatilia wanamichezo 106 kwa miaka 2, ulionyesha kwamba kila mwezi wa kuchelewesha kurudi mchezoni, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa asilimia 51. Hatuwazuii kwa ukaidi.

Hata miezi 9 ikitimia, kalenda peke yake haitoshi. Nguvu ya paja hupimwa na lazima ifikie angalau asilimia 90 ya ile ya mguu usioumia, kisha hufuata kipimo cha kuruka kwa mguu mmoja. Ukishindwa kimoja, unarudi mazoezini na kupangiwa tarehe nyingine. Cheti cha kuruhusiwa kucheza hutolewa kwa mgonjwa mwenyewe baada ya kufaulu vyote viwili. Kocha akija peke yake kukiomba, atarudi mikono mitupu.