Fikra za kialjebra kwa watoto wa shule ya msingi: maana yake

Mpe mtoto wa darasa la tano swali hili: 8 + 4 = □ + 5. Wengi huandika 12 kwenye kisanduku. Wengine hujumlisha kila namba wanayoiona na kuandika 17. Jibu ni 7. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, wanafunzi 145 wa darasa la sita walipewa swali hilohilo, na hakuna hata mmoja aliyeandika 7. Si kwamba hawajui kujumlisha. Wanajua vizuri kuwa nane na nne ni kumi na mbili, na ndiyo maana wakaandika 12.

Kinachowaponza ni ile alama ya sawa na. Tangu darasa la kwanza wameiona ikikaa mwishoni mwa swali, jibu likiifuata upande wa kulia, basi kwao ina maana ya "haya, lete jibu". Kalkuleta nayo inawaongezea imani hiyo: bonyeza =, jibu hilo hapo. Kumbe Robert Recorde, aliyeianzisha alama hii Uingereza mwaka 1557, alichora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Alama inasema tu kwamba pande mbili zina thamani moja. Lakini kwa kuwa watoto wengi huisoma kama amri ya kuleta jibu, wakiulizwa kama 9 = 4 + 5 ni kweli, hujibu kwamba "imegeuzwa", na wakiona 7 = 7 husema hakuna swali hapo.

Kwa hiyo, fikra za kialjebra ni nini? Ni mazoea ya kutazama uhusiano kati ya namba badala ya kukimbilia jibu, kutambua kinachobaki vilevile namba zinapobadilika, na kukieleza kwa namna inayofaa kila mahali. Hazihitaji x. Mtoto anaweza kuwa nazo kabla hajaona herufi yoyote kwenye hesabu. Na wapo watu wazima waliofaulu mitihani kwa kukariri kwamba "namba ikivuka" upande wa pili wa sawa na "inabadili alama", jumlisha ikawa toa, ambao hawakuwahi kuwa nazo.

Tazama 57 + 86 = 59 + □. Mmoja atajumlisha apate 143, atoe 59, abaki na 84. Yuko sahihi, ila amefanya hesabu za kawaida tu. Mwingine atasema: "59 imeizidi 57 kwa mbili, basi 86 ipungue mbili." Naye amepata 84, lakini huyu ameuona mlinganyo mzima kwa pamoja. Hapo mwalimu asiishie kumpongeza. Ampe 86 − 57 = 88 − □. Mtoto aliyekariri ujanja wa mwanzo ataandika 55, kwa kuwa upande mmoja umeongezeka mbili na mwingine, kwa mawazo yake, lazima upungue mbili. Jibu ni 59: kwenye kutoa, ukiongeza kiasi kilekile kwenye namba zote mbili, tofauti haibadiliki. Mabishano ya darasa kati ya 55 na 59 yana faida kuliko maswali ishirini ya kutoa. Anayetetea jibu lake atalazimika kusema "kwa nini", na sababu hiyo haihusu 86 na 57 peke yake.

Hilo la "kwa nini" ndilo hupuuzwa zaidi. Darasa zima litakubali kwamba namba witiri mbili zikijumlishwa huleta namba shufwa, likitoa ushahidi wa 3 + 5 na 7 + 9. Mifano hata mia haithibitishi. Hoja inayotosha ni hii: panga kila namba witiri kwa jozi, utabaki na kimoja bila mwenzake, zilete namba mbili pamoja, vile viwili vilivyobaki vinakuwa jozi. Hapo hatujataja namba yoyote, na tumezungumzia zote.

Herufi zije baadaye, pale maneno yanapokuwa marefu mno. Njia nzuri ni ruwaza zinazokua. Panga vijiti vitengeneze miraba iliyoshikana kwenye mstari mmoja: mraba mmoja unataka vijiti 4, miwili 7, mitatu 10. Mtoto atasema "unaongeza tatu tatu", ambayo ni kweli, lakini haimsaidii akiulizwa kuhusu miraba 100, isipokuwa akubali kuongeza tatu mara 99. Mwambie atazame umbo badala ya orodha ya namba. Ataona kijiti kimoja cha kuanzia, kisha kila mraba na vijiti vyake vitatu: 1 + 3 × 100, yaani 301. Sasa n ina kazi: 1 + 3 × n. Mwenzake aliyeanza na mraba kamili ataandika 4 + 3 × (n − 1), na darasa lina swali jipya: inakuwaje maandishi mawili tofauti yakatoa idadi ileile kila mara?

Angalizo moja. Herufi isimame badala ya idadi, isiwe kifupisho cha jina la kitu. Mwalimu akiandika m kwa sababu "m ni miraba", mtoto atasoma 3m kuwa "miraba mitatu", wakati maana yake ni idadi ya miraba mara tatu. Kosa hilo likizoeleka huenda na mtu hadi chuo kikuu. Kwa hiyo ni heri kuchagua n au k, na kumtaka mtoto aseme sentensi nzima: "n ni idadi ya miraba."