Holda ya Biti Yenye Sumaku: Kwa Nini Huingia Mashine Hii Ikaikataa Ile

Holda ya biti yenye sumaku ni kipande cha chuma kinachokaa kati ya mashine ya betri na biti ya kufungia skrubu. Upande mmoja ina mkia wa pembe sita unaoshikwa na mashine, na upande wa pili ina tundu la pembe sita ambalo ndani yake, chini kabisa, imelazwa sumaku inayoivuta biti isidondoke. Sumaku hiyo hiyo, kwa kupitia biti, huivuta pia skrubu, ili fundi aliye juu ya ngazi aweze kuipeleka mahali pake kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika bati, ubao wa jipsamu au fremu ya dirisha.

Swali linaloulizwa zaidi katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mwanza si hilo la kazi yake, bali ni kama holda fulani itaingia kwenye mashine aliyonayo mteja. Wengi huuliza kwa kutaja jina la kampuni au rangi ya mashine, na wauzaji nao hujibu kwa mtindo huo huo. Chanzo cha mazoea hayo ni betri: betri ya volti 18 ya kampuni moja kwa kawaida haikai kwenye mashine ya kampuni nyingine, hivyo mtu hudhani kwamba kila kinachochomekwa kwenye mashine hiyo lazima kiwe cha ukoo mmoja nayo. Kwa holda ya biti mambo ni tofauti. Volti, rangi na jina havihusiki. Kinachohusika ni umbo la mkia na namna mdomo wa mashine unavyoushika.

Mkia wa kawaida una upana wa robo inchi, yaani milimita 6.35, unaopimwa kutoka ubapa mmoja hadi ubapa unaoukabili, wala si kutoka pembe hadi pembe. Kipimo hiki kimewekwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 1173, na ndiyo sababu biti iliyotengenezwa China, Ujerumani au Taiwan huingia katika tundu moja. Tofauti huanzia kwenye mikato iliyochongwa juu ya mkia huo. Biti fupi za milimita 25, zile zinazouzwa kwa mafungu ndani ya vikasha vya plastiki, zina vijikato vidogo kwenye pembe zake. Umbo hilo huitwa C 6.3. Biti ndefu za milimita 50 na zaidi, pamoja na holda nyingi zilizokusudiwa mashine za betri, zina mfuo unaouzunguka mkia wote. Hilo ni umbo la E 6.3. Mfuo huo haukuwekwa kwa urembo. Ndani ya mdomo wa mashine ya impakti, yaani ile inayofunga skrubu kwa kuzungusha pamoja na mapigo, mna gololi ndogo inayosukumwa na springi: fundi akiivuta mbele kola, ile pete inayouzunguka mdomo, gololi hupata nafasi ya kurudi nyuma, akiiachia, gololi hutumbukia ndani ya mfuo na kuufunga mkia usichomoke.

Hapo ndipo panapotokea tatizo ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Umbali kati ya mwisho wa mkia na mfuo haufanani katika mashine zote. Vitabu vya maelekezo vya Makita, kwa mfano, hutenganisha mashine zenye tundu fupi la biti, ambazo huhitaji mkia wa milimita 12 wenye mfuo ulio milimita 9 kutoka mwisho, na zile zenye tundu refu, ambazo huhitaji milimita 17 na 14. Vipimo virefu ni vya kawaida zaidi kwa mashine zilizotengenezwa kwa soko la Japani. Kwa hiyo aliyenunua impakti iliyotumika iliyotokea huko anaweza kukuta holda mpya inaingia vizuri, inazunguka vizuri, kisha inabaki kwenye skrubu pale anapoivuta mashine, kwa kuwa gololi haikuufikia mfuo. Kampuni hiyo hutoa kipande kidogo cha kuwekwa chini ya tundu ili biti yenye mkia mfupi ikae sawa. Asiye nacho atafute holda yenye mkia unaolingana, kwa sababu kulazimisha kola kwa nyundo, jambo ambalo limeshafanywa, huharibu springi bila kuusogeza mfuo hata kidogo.

Drili ya kawaida yenye taya tatu haina ugumu huo. Taya hazihitaji mfuo. Hubana chochote kinachoingia, na mkia wa pembe sita huzifaa sana, kwa kuwa kila taya hukaa juu ya ubapa wake na mkia hauwezi kuteleza ndani yake. Jambo la kuangalia ni kwamba taya zimekaa kweli juu ya bapa na si juu ya pembe, maana zikikaa juu ya pembe holda itayumba na ncha ya biti itachora duara badala ya kutulia kwenye skrubu. Drili ya nyundo inayotumia mkia wa SDS, ule wa mviringo wenye mifereji, haiupokei mkia wa pembe sita moja kwa moja. Inahitaji adapta, na wakati wa kufunga skrubu swichi ya nyundo lazima iwe imezimwa. Mashine ya kufungulia nati za magurudumu ina kichwa cha mraba, mara nyingi cha nusu inchi, nayo pia inahitaji adapta, ingawa kwa maoni yangu kufunga skrubu za dari kwa mashine yenye nguvu kiasi hicho ni kutafuta hasara. Bisibisi ndogo za betri hupokea mkia huo huo wa robo inchi, lakini baadhi yake hushika kwa sumaku tupu bila gololi, hivyo holda ndefu inayochomekwa humo inaweza kuchomoka na kubaki imening'inia kwenye skrubu.

Baada ya mkia hutazamwa mdomo wa holda yenyewe. Mdomo wenye sumaku peke yake huruhusu kubadilisha biti kwa vidole, lakini skrubu iliyokwama hung'ang'ania biti na kuibakiza kichwani mwake. Mdomo wenye kijipete cha springi pamoja na sumaku huishika biti imara zaidi, na pengine imara kupita kiasi, hata ikahitaji koleo kuitoa. Mdomo wenye kola ya kuvuta, unaofunga kwa gololi kama mdomo wa impakti, ndio unaofaa zaidi kwa fundi anayebadilisha biti mara kwa mara, kwa mfano anayehama kutoka biti ya nyota ya PH2 kwenye skrubu za jipsamu kwenda soketi ya milimita 8 kwenye skrubu za bati. Kola hiyo, hata hivyo, ni nene, na kwenye kona ya fremu ya alumini unene huo huizuia biti kufika wima.

Kuhusu sumaku yenyewe, nguvu si jambo la kwanza kama matangazo yanavyotaka tuamini. Sumaku za neodimiamu, ambazo zilianza kutengenezwa katika miaka ya 1980, ni kali kuliko zile za kijivu za feraiti, lakini zina udhaifu wa aina mbili. Aina yake ya kawaida huanza kupoteza nguvu inapopata joto la kupita nyuzi 80 za Selsiasi, na hata ikiwa baridi huvunjika kwa urahisi kama kigae. Mapigo ya impakti huipasua sumaku iliyolazwa bila kinga, na vipande vyake hubaki vimejazana chini ya tundu hadi biti isiweze kuingia mpaka mwisho. Ndiyo maana holda iliyotengenezwa kwa ajili ya impakti huwa na shingo iliyochongwa nyembamba kidogo ili ijipinde kwa kiasi kila pigo linapofika, badala ya pigo lote kuishia kwenye ncha ya biti. Rangi nyeusi, ambayo wengi huichukua kuwa alama ya holda ya impakti, peke yake haithibitishi lolote. Iko holda nyeusi iliyopakwa rangi tu.

Kazi inayoidhihirisha holda mbovu haraka ni kupaua. Nyumba nyingi za Mwanza zimejengwa juu ya miamba, kuanzia Mabatini hadi vilima vilivyo juu ya Kirumba, mahali ambapo kuburuta waya wa umeme hadi kwenye kenchi ni taabu, na bati za msauzi zinazofungwa kwa skrubu za kujitoboa zimezidi kutumika. Skrubu hizo zina kichwa cha pembe sita, mara nyingi cha milimita 8, na hufungwa kwa soketi yenye sumaku, ambayo ni ndugu wa karibu wa holda tunayoizungumzia, kwa kuwa mkia wake ni ule ule. Kila skrubu inapotoboa bati na papi ya chuma hutoa vinyuzi vyembamba vya chuma vinavyong'aa, na sumaku huvikusanya. Baada ya skrubu kadhaa vinyuzi hivyo hujenga tabaka ndani ya soketi. Kichwa cha skrubu hakizami tena hadi chini, skrubu hukaa upande, na mashine inapozunguka ncha yake hukwaruza rangi ya bati kabla ya kutoboa. Mkwaruzo huo ndio unaoanza kushika kutu mvua zikija. Kupuliza hakusaidii, maana vinyuzi vimeshikwa. Kinachovitoa ni selotepu iliyokunjwa kwa nje upande wa gundi na kusukumwa ndani ya tundu, kisha ikavutwa. Kitambaa huacha nyuzi zake, na msumari husogeza tu uchafu kutoka pembe moja hadi nyingine.

Urefu nao una gharama yake. Holda ya milimita 60 inatosha kazi nyingi. Za milimita 150 au 300 hufika ndani ya makabati na nyuma ya mihimili, lakini kila yumbo dogo la mdomo wa mashine hukua kadiri holda inavyorefuka, na anayefunga skrubu fupi kwa holda ndefu ataharibu vichwa vingi kuliko atakavyofunga.

Liko pia kundi la skrubu ambalo sumaku haiwezi kulisaidia hata iwe kali namna gani. Ziwa halina chumvi, kwa hiyo mafundi wa Mwanza hawalazimiki kutumia chuma kisichoshika kutu kwa kila kitu kama wenzao wa pwani ya bahari, lakini kwenye maboti, gati ndogo na meza za kusafishia samaki skrubu hizo hutumika, na zile za daraja la 304 na 316 hazivutwi na sumaku, au huvutwa kidogo mno. Za shaba na alumini hazivutwi kabisa. Za daraja la 410 huvutwa, ndiyo sababu mtu anaweza kujaribu skrubu moja ya chuma cha aina hiyo dukani, akaridhika na holda, kisha akakuta pakiti nyingine haishikiki. Kwa skrubu zisizovutwa, holda inayofaa ni ile yenye mrija unaoteleza mbele na kuizunguka skrubu mwilini, kwa kuwa mrija huishikilia kwa umbo lake. Anayekwenda kuinunua achukue mashine yake bila betri pamoja na skrubu mbili tatu za kazi anayoikusudia, aichomeke holda, avute kwa nguvu bila kugusa kola, kisha aelekeze mashine chini na kuitikisa kabla ya kulipa.